Kupekua hati za ardhi Mombasa: je, kazi hii ina maisha?

Swali: Mimi ni binti wa miaka 24, nina diploma ya usimamizi wa ardhi. Wakili mmoja hapa Mombasa amenichukua kwa majaribio. Kazi yangu ni kwenda kwenye sajili ya ardhi, kufanya sachi na kumletea majibu. Shangazi yangu aliyeko Marekani anasema kule kuna watu wanaopekua hati maisha yao yote na wanaishi vizuri. Wenzangu hapa wananivunja moyo. Wanasema Kenya hati ikishasajiliwa mambo yamekwisha, na sachi yenyewe sasa mtu anaifanya kwenye simu. Je, niendelee? Na nikiendelea, nijifunze nini?

Jibu: Endelea, mwanangu. Wenzako wanaongea juu ya sachi, yaani ile karatasi inayotaja jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja na rehani kama ipo. Karatasi hiyo kweli inaelekea kuwa kazi ya kubonyeza. Upekuzi, yaani kufuatilia hati ilifikaje kwa anayeuza, ni kazi nyingine kabisa, na tangu mwaka 2023 umekuwa na uzito ambao haukuwa nao zamani.

Shangazi yako hakukudanganya. Sehemu kubwa ya Marekani, afisi ya kaunti hupokea nyaraka za mauzo na kuzihifadhi tu. Haimhakikishii mtu kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali. Kwa hiyo kila nyumba inapouzwa, mpekuzi husoma nyaraka za miongo mingi nyuma, nani alimuuzia nani, nani alirithi, nani alikopa, halafu kampuni ya bima inakubali au inakataa kuibeba hatari ya hati hiyo. Sisi Kenya tulifuata njia ya Robert Torrens wa Australia Kusini, aliyeanzisha mfumo wake mwaka 1858. Kwa mfumo huo serikali huweka sajili, na jina lililoandikwa kwenye sajili ndilo la mmiliki. Kwa nadharia, mnunuzi hana haja ya kuchimba yaliyopita. Hapo ndipo wenzako walipoishia.

Sasa soma kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ukisome polepole. Kinasema cheti cha umiliki kitachukuliwa na mahakama kuwa ushahidi wa awali kwamba aliyetajwa ndiye mmiliki. Kisha kinaweka njia mbili za kukipinga. Ya kwanza ni udanganyifu ambao mwenye cheti mwenyewe alishiriki. Ya pili ni pale cheti kilipopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njama za rushwa. Angalia kwamba njia hii ya pili haisemi lazima mwenye cheti awe ameshiriki. Unaweza kuwa umenunua kwa pesa halali, kwa wakili halali, kwa nia safi kabisa, na hati ikafutwa kwa kosa lililofanywa miaka thelathini kabla yako na mtu usiyemjua.

Hilo limetokea hapa hapa kwetu. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya kiwanja cha ufuoni, Nyali. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaingia na kubomoa ukuta, ikisema hapo ni njia ya umma ya kuteremkia baharini. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua. Walirudi hadi mgao wa kwanza wa mwaka 1989, uliokwenda kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, wakaona utaratibu wa kugawa ardhi ya umma haukufuatwa. Kwa kuwa hati ya kwanza ilikuwa na kasoro, hati zote zilizozaliwa nayo zilikuwa na kasoro, na nia njema ya mnunuzi wa mwisho haikumwokoa. Mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo hiyo ilisema barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki. Hiyo ni ahadi yenye masharti, na aliyeshika ahadi hana ardhi ya kuuza.

Fikiria maana yake kwa mwalimu mstaafu wa Likoni anayetaka kuweka kiinua mgongo chake chote kwenye ploti moja. Karatasi ya sachi itamwambia jina la anayeuza leo. Haitamwambia jina hilo lilifikaje pale. Ni lazima mtu amwambie, na mtu huyo ni wewe. Ndiyo maana nakusihi usiichukulie kazi hii kama utarishi wa kupeleka fomu na kurudi na muhuri.

Sasa nikuonyeshe upekuzi wenyewe. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo hiyo kinakupa haki ya kupata maelezo ya sajili pamoja na nakala zilizothibitishwa za nyaraka. Itumie haki hiyo. Omba nakala ya kadi ya kijani, yaani ukurasa wa sajili yenyewe wa kiwanja hicho, usiridhike na cheti cha sachi. Kadi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni maelezo ya ardhi: ukubwa, namba ya karatasi ya ramani, siku sajili ilipofunguliwa, na kama ni kipande kilichokatwa kutoka kiwanja kikubwa, namba ya huyo mama yake. Ya pili ni ya wamiliki, kwa mfuatano wa tarehe, pamoja na mazuio ya mahakama na tahadhari, yaani ilani ya mtu anayedai haki juu ya ardhi hiyo. Ya tatu ni ya mizigo, yaani rehani na upangaji wa muda mrefu. Wengi husoma mstari wa mwisho wa sehemu ya pili na kufunga. Wewe anza mstari wa kwanza.

Nitakutungia mfano, shamba la upande wa Kwale. Sehemu ya wamiliki: mwaka 1978, Wadhamini wa Mfuko wa Makazi. Mwaka 1989, Juma. Siku hiyo hiyo, hati imetolewa. Mwaka 2011, Bakari. Hati imetolewa. Mwaka 2014, anayeuza leo. Mizigo: mwaka 1989, rehani kwa Wadhamini wa Mfuko wa Makazi. Basi.

Mtu asiyezoea anaona kadi safi. Mimi naona maswali mawili. Kwanza, mashamba ya skimu za makazi yalitolewa kwa mkopo na Wadhamini hao wa serikali, na kwa kawaida mwenye shamba hupata hati akishalipa na rehani ikafutwa. Hapa rehani ya 1989 haijafutwa. Huenda ni karani aliyesahau kuandika, huenda ni deni, lakini haipaswi kupita kimya. Pili, shamba lilitokaje kwa Juma kwenda kwa Bakari? Angalia safu ya maelezo. Ikiwa imeandikwa R.L. 19 na R.L. 7, hizo ndizo fomu zilizokuwa zikitumika mali inapopita kwa kifo, basi nenda mahakamani ukaitafute kesi ya mirathi: namba yake, jina la msimamizi, na kama hati ya usimamizi ilithibitishwa na shamba hili limo kwenye mgao. Ikiwa imeandikwa “zawadi”, basi maana yake Juma alikuwa hai mwaka 2011 na alitia sahihi mwenyewe. Uliza kijijini Juma alifariki lini. Ukiambiwa 2006, umeshapata ulichotumwa kutafuta, kwa sababu maiti hatoi zawadi, na mnunuzi wa 2014 hakuwa na cha kumuuzia mtu.

Na kwa kuwa ni shamba la kilimo, tafuta idhini ya bodi ya ardhi kwa kila mauzo na kwa kila zawadi. Bila idhini hiyo biashara ni batili. Nakala yake inapaswa kuwamo kwenye faili ya kiwanja, na kumbukumbu za kikao cha bodi ziwe na jambo hilo hilo kwa tarehe hiyo hiyo.

Viwanja vilivyokatwa vina mtihani wao, ambao mtu yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuufanya, na bado hufanywa na wachache. Chukua kadi ya mama, iliyofungwa siku ya mgawanyo, na uandike ukubwa wake. Kisha chukua kadi za watoto wote na ujumlishe. Mama ana hekta 2.4, watoto ni sita, kila mmoja 0.45. Jumla ni 2.7, hata kabla ya kutoa nafasi ya barabara. Ardhi haizai. Kuna ploti hewa hapo, na inaweza kuwa hiyo anayotaka kununua mteja wako. Ramani ya mgawanyo aliyoitia sahihi mpima ardhi ndiyo itakayokuambia watoto halisi ni wangapi.

Nyaraka za kughushi hujifunua kwa historia. Jifunze tarehe za taasisi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya iliundwa mwaka 1995, serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitokana na sheria ya mwaka 2011. Fomu zenye herufi za LRA zilikuja na kanuni za mwaka 2017. Kwa hiyo agizo la mwaka 2006 lenye kichwa cha Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au fomu ya LRA iliyowekwa tarehe ya 2009, imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Angalia pia siku. Usajili uliofanywa Jumapili au siku ya Jamhuri unahitaji maelezo. Na weka orodha yako ya wasajili waliopita katika afisi unazozitumia, na miaka yao, kwa sababu sahihi ya msajili aliyekuwa amekwisha kuhama utakutana nayo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hapa Pwani kazi ni nzito zaidi kuliko bara, na ndiyo maana mpekuzi wa Mombasa aliyekomaa ana thamani. Ardhi nyingi ya ukanda huu wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ilipitia Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Watu walitakiwa kuleta madai yao, waliofaulu wakapewa hati, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi za Wamijikenda hazikudai au hazikujua kuna cha kudai, na mpaka leo wajukuu wao wanaitwa maskwota mahali ambapo makaburi ya babu zao yapo. Mpekuzi anayesoma karatasi peke yake hatayaona makaburi hayo.

Nyaraka za enzi hiyo zina tabia zake. Majina yameandikwa kwa masikio ya makarani wa Kizungu na Kihindi: Mohamed, Mahomed, Muhammad, wote mtu mmoja. Salim bin Ali bin Salim anaweza kuwa mtu mmoja au mtu na mjukuu wake. Mwanamke ameandikwa binti fulani kwenye waraka mmoja, na kwa jina la mumewe kwenye mwingine. Tafuta kila namna ya tahajia, na uchore nasaba ya familia pembeni mwa daftari lako kabla hujaanza kuunganisha mauzo. Ukikutana na wakfu, simama. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi kama mali nyingine, na usimamizi wake una sheria na tume yake. Uliza huko kabla hujamwambia wakili lolote. Mirathi ya Waislamu nayo mara nyingi hukaa Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo usipoipata kesi kwenye mahakama nyingine usikimbilie kuandika kwamba haipo.

Kuna pia jambo ambalo wageni kutoka bara huwashangaza, nyumba bila ardhi. Mitaa kama Majengo, nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine, mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi, na wote wawili wanaweza kuuza chao. Mteja akikuambia ananunua nyumba Mombasa, swali lako la kwanza liwe kama ananunua na ardhi.

Namba za viwanja nazo zinabadilika. Hati nyingi za zamani za hapa zina namba za CR na majina ya sehemu kama Bara Kaskazini au Kisiwani, na serikali inaendelea kuzigeuza ziwe za mfumo mmoja kwa matangazo ya Gazeti Rasmi. Andika namba zote mbili kwenye ripoti yako, ya zamani na mpya, na tarehe ya tangazo. Gazeti hilo hilo ndilo linalotangaza hati zilizopotea na sajili zinazojengwa upya, kwa notisi ya siku 60. Hati mpya iliyotolewa badala ya “iliyopotea”, miezi michache kabla ya mauzo, ni ishara ya kutulia na kuchunguza. Kwa ardhi iliyo karibu na shule, soko, barabara, msitu au ufuo, soma pia ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa isivyo halali. Watu wanaiona kama habari za siasa za zamani. Kwako wewe ni kitabu cha kazi.

Ukishamaliza makaratasi, nenda shambani. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu mawakili wengi hawalipii nauli ya hili na makarani wengi hawalidai. Kuna haki zisizoandikwa kwenye sajili lakini sheria inazitambua. Mtu aliyekaa wazi, bila ruhusa, miaka 12 mfululizo anaweza kwenda mahakamani kudai ardhi iwe yake. Cheti cha sachi hakitamtaja. Utamwona tu ukienda: minazi aliyoipanda, kisima, choo, watoto wakienda madrasa. Nenda na mpima ardhi mkaangalie bikoni, yaani alama za mipaka. Salimia jirani, kisha uliza kwa adabu, bila kutaja bei wala jina la mnunuzi. Jirani wa miaka mingi atakuambia kwa dakika kumi mambo ambayo faili imeyaficha.

Kisha ripoti. Andika ulichokiona, ulikokiona na siku uliyokiona. Tenga kabisa “sikuona” na “hakuna”. Faili isipopatikana, usiandike kwamba kila kitu ni shwari. Andika kwamba faili haikupatikana, uliomba tarehe fulani, ukajibiwa hivi. Kukosekana kwa faili ni habari kubwa, na wakili mwangalifu atasimamisha malipo kwa sentensi hiyo moja. Uamuzi wa kisheria mwachie yeye. Na asubuhi ya siku ya malipo, fanya sachi tena, maana tahadhari au zuio linaweza kuingizwa jana jioni.

Kuhusu Ardhisasa, jukwaa la serikali la huduma za ardhi mtandaoni, lilizinduliwa Nairobi Aprili 2021 na linaendelea kusambazwa kaunti nyingine. Nalipenda. Limepunguza foleni, na linaacha alama ya nani aligusa nini. Lakini lilijazwa kutoka kwenye makaratasi yale yale. Kadi iliyokuwa na uongo ikichanganuliwa na kuwekwa kwenye kompyuta, uongo umo, sasa kwa maandishi safi zaidi. Jukwaa litakuletea mstari wa mwisho kwa dakika chache, nawe utakuwa na muda wa kufuata mistari ya juu yake. Jifunze kulitumia vizuri kuliko mtu yeyote afisini kwenu, kisha jifunze na makaratasi.

Mipaka yako ni miwili. Kwanza, usiandae mkataba wa mauzo wala fomu za uhamisho kwa malipo, hata jirani akikubembeleza. Sheria ya Mawakili inaukataza mkono usio na leseni kufanya hivyo, na ukipotoka hapo utakuwa umejifungia mlango. Pili, usiwe mpekuzi na dalali kwa wakati mmoja. Ukipokea asilimia ya mauzo, macho yako yataanza kutopenda kuona kasoro. Kadhalika, usimpe mtu kitu kidogo ili faili ionekane. Omba kwa maandishi, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, rudi, na ukishindwa mwachie wakili wako aandike barua. Utachelewa kuliko wengine mwanzoni. Lakini aliyelipwa kuitoa faili anaweza kulipwa na mwingine aweke waraka wa uongo ndani yake, na ripoti yako ikifika mahakamani utaulizwa chini ya kiapo uliipataje. Nakala za vitambulisho na namba za simu unazokutana nazo ni za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Usizitume kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa malipo, usikubali kulipwa kwa kila cheti cha sachi, maana bei ya hicho itaendelea kushuka. Mwambie wakili wako unataka kulipwa kwa ripoti kamili ya kiwanja, yenye historia ya wamiliki kuanzia mgao wa kwanza, mizigo, ramani, mahakama na ziara ya shambani, na nauli iwe kando. Mpe moja ya kuonja. Chukua kiwanja ambacho afisi yenu inakishughulikia sasa, andika historia yake yote kwa kurasa mbili, ambatanisha nakala, umwekee mezani. Benki zinazokopesha kwa dhamana ya ardhi, wathamini, kampuni za ujenzi na hata kaunti zinahitaji ripoti za namna hiyo. Kama baada ya miezi michache wakili huyo bado anakutuma kupeleka fomu tu, zitakuwapo ripoti zako za kumwonyesha mwajiri mwingine, ukishaziondoa majina ya wateja.